Dume Lililomtoboa Mshili Jicho

Ukoo wetu una bahati mbaya ya macho na bahati nzuri ya hadithi. Baba yetu, kwa mujibu wa wazee, alipoteza jicho mwaka wa hamsini na moja, Waingereza walipowaondoa Wameru kule Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi: askari alimpiga rungu akiwa amesimama mlangoni mwa zizi lake. Mdogo wangu Philemoni alipoteza la kwake utotoni: dume lilimtoboa kwa pembe, na ingawa alikuwa hajajua hata kutamka "mama" vizuri, inasimuliwa kwamba hakulia. Binamu yetu Mikaeli wa Ngaramtoni alichomwa na tawi la mbuni. Rungu, pembe, tawi. Ukiwasikiliza utadhani dunia nzima, mimea ikiwemo, imekula kiapo juu yetu, na kwamba maadui zetu wote wamefundishwa kulenga mahali pamoja.

Wadogo zangu wengine wawili, waliovimba jicho wakafa kabla ya kutembea, hadithi yao ni fupi zaidi. Hao waliangaliwa vibaya na jirani yetu Pudensiana, mjane, Mkatoliki, ambaye kosa lake lilikuwa kuwasifu kwamba wamenenepa. Alifukuzwa kijijini na migomba yake ikafyekwa. Aliyechukua shamba lake simtaji, maana wajukuu zake wanalima pale pale mpaka leo na huwa wananiamkia vizuri.

Mimi ni Eunike, dada yao mkubwa. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari na kwenye vitabu ambavyo watoto wa wenzangu walimaliza navyo mitihani wakavitupa. Kwa sababu hiyo nimekwisha kutolewa nje kwenye vikao vya ushirika wa kahawa, vya usharika wa kanisa na vya ukoo, na sijaona tofauti kubwa kati ya milango yao.

Philemoni sasa ndiye mshili, mkuu wa ukoo wetu. Ana jicho moja la nyama na moja la kununua, na ana sauti inayoyatosha yote mawili. Mwanawe Bariki, dereva wa watalii, alipomleta Agnela, binti wa Marangu, ukoo ulifanya ile kazi unayoifanya kwa ustadi kuliko kilimo: ulituma wajumbe wakachunguze upande wa binti. Wakaenda Marangu wamevaa makoti. Wakauliza majirani kama kwao kuna kifafa, kichaa, kifua kikuu, ukoma, uchawi au wanawake wajuaji. Wakahesabu makaburi. Wakamwangalia bibi yake Agnela meno. Wakarudi wakasema ukoo ni safi, ila kuna baba mdogo mmoja anakoroma.

Nikauliza, "Na wao Wachaga wamekuja lini kutuchunguza sisi?"

Waliangua kicheko. Mikaeli, aliyekuwa mkuu wa msafara, alicheka mpaka akafuta chozi kwenye jicho alilobaki nalo.

Basi wakaoana, wakamzaa Hope. Na Agnela, mwanamke asiyekuwa na cheo chochote ndani ya ukoo, ndiye aliyeona. Alimpiga mtoto picha kwa simu, pale sebuleni, taa ya simu ikamulika. Jicho la kulia likatoka jekundu kama yanavyotoka ya watu wote pichani. La kushoto likatoka jeupe, kama la paka anayemulikwa na gari.

Akamwonyesha Tekla, mama mkwe wake. Tekla akasema simu za siku hizi ni mbovu. Akamwonyesha mumewe. Bariki akasema, "Ifute, piga nyingine akiwa anacheka." Ndipo akaniletea mimi, nimekaa na mafungu yangu ya ndizi sokoni Tengeru.

"Shikamoo shangazi. Hebu niangalizie hii."

Sikuhitaji miwani. Nilikuwa nimekwisha kulibeba jicho lile mgongoni. Philemoni alikuwa mtoto wa kubebwa na mimi nikiwa mlezi wake, na kila nilipogeuza shingo kumtazama, karibu na moto, jicho lake lilikuwa linawaka jeupe, hivyo hivyo. Kisha wamisionari wakalitoa. Uhuru ulikuwa bado. Nilikuwepo.

"Mwanangu, usiifute," nikamwambia. "Kesho hospitali, Moshi."

Lakini kesho ya mwanamke aliyeolewa haiji bila kupitishwa na watu. Kwanza yakaitishwa maombi. Halafu matone ya duka la dawa. Halafu maziwa ya mama, yakamiminwa jichoni asubuhi na jioni. Halafu mtu mmoja wa Ngaramtoni mwenye mizizi. Philemoni alisema mtoto ana makengeza, na makengeza ni uzuri. Miezi ikaliwa hivyo, kwa adabu na utaratibu, mpaka siku jicho lilipokuwa jekundu na Hope akawa anajigonga kichwa ukutani kwa maumivu. Hapo ndipo ukoo ukagundua kwamba Moshi si mbali.

Mimi ndiye niliyembeba, kwa sababu Agnela alikuwa na mimba nyingine na Bariki alikuwa na usukani.

Daktari aliitwa Rachel, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alituambia ni saratani ya jicho, ile ya watoto. La kushoto litatolewa, maana likibaki itapanda kichwani. Kisha akampima la kulia, mtoto amelala kwa nusukaputi, akatoka nje amekunja uso.

"La kulia nalo lina madoa mawili madogo. Hayo tutayachoma kwa leza, na jicho tutalibakiza. Lakini ikitokea macho yote mawili hivi, mara nyingi mtoto amezaliwa nayo kwenye jeni. Katika familia zenu, nani alipoteza jicho akiwa mdogo?"

Nikamwangalia Bariki. Bariki akaangalia feni.

"Ni ajali tu," akasema. "Babu yake alitobolewa na dume."

"Na mwingine tawi," nikasema mimi. "Na mwingine rungu. Endelea, mwanangu, mweleze daktari yote."

Dk. Rachel hakucheka. Alimweleza kwa lugha ya udereva, alipojua kazi yake. Kila chembe ya mwili, alisema, ina nakala mbili za jeni moja ambayo kazi yake ni breki: inaizuia chembe isizaane ovyo. Nakala moja ya baba, moja ya mama. Ni kama breki ya mguu na breki ya mkono. Mtu akizaliwa zote nzima, si rahisi zife zote mbili kwenye chembe moja. Lakini anayerithi moja mbovu anatembea na breki moja mwili mzima. Ndani ya jicho la mtoto mchanga chembe zinazaana kwa kasi. Ikitokea moja ikaipoteza na ile iliyobaki, gari limekwenda.

"Na anayebeba jeni hiyo," akasema, "kila mtoto anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuipata. Wengine wanaibeba na wasiumwe kabisa, wakawapa watoto. Hebu na ninyi wazazi niwamulike."

Akamtia Agnela dawa ya kupanua mboni, akammulika: safi. Akamtia Bariki. Akakaa naye muda. Akabadilisha kioo.

"Una kovu hapa, la zamani sana. Kilianza kitu ukiwa mdogo kikajifia chenyewe. Una bahati kubwa, kaka."

Bariki alikaa kama mtu aliyesimamishwa na trafiki. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa mwanangu breki mbovu?"

"Hukuichagua. Na aliyekupa wewe hakuichagua. Kuna la muhimu zaidi." Akamgeukia Agnela na lile tumbo. "Huyu akizaliwa, mleteni wiki za mwanzo. Msingoje muone weupe. Weupe mkiuona, mmechelewa. Tukiliwahi doa likiwa dogo tunaliokoa jicho, na tunamwokoa mtoto. Tumeelewana?"

Tulielewana. Tulielewana vizuri mpaka tulipofika Bomang'ombe, ambapo Bariki alipunguza mwendo akasema, "Shangazi, hii habari ya kovu tuiache kwanza. Mzee ana presha."

"Na mkeo ana nini?"

"Ana mimba."

"Basi presha ya baba yako ni ya kuheshimiwa zaidi."

Akafungulia kwaya kwenye redio. Agnela kule nyuma alikuwa amempakata Hope mwenye bandeji, anatazama mashamba ya alizeti. Alikuwa bado anadhani ameolewa na mtu atakayesema mwenyewe.

Mtoto wa pili alizaliwa Tengeru, wa kiume, na kwa desturi akapewa jina la babu yake: Philemoni. Na kwa desturi hiyo hiyo mama yake akawekwa ndani. Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki miezi mitatu. Anakaa chumba cha ndani, anapewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, analetewa loshoro, ule uji mzito wa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, ananenepa, anapumzika. Kwa hilo siwezi kugombana na mtu. Ndiyo likizo pekee tunayopata. Lakini mtoto naye haonyeshwi, hapigwi picha, hatolewi nje mpaka Jumapili ya ubatizo, kwa kuogopa macho ya watu. Kwa hiyo oneni akili yetu: mtoto anayetakiwa kuangaliwa macho, tumemficha asiangaliwe.

Agnela aliwakumbusha wiki ya kwanza. Aliwakumbusha ya pili. Tekla akampelekea mtori. Ya tatu aliniita dirishani.

"Shangazi, wamemficha Bariki. Wamemwambia akae kambini Karatu mpaka kikao. Na mimi nasikia kikao ni juu yangu."

"Kinasemaje?"

"Kwamba jicho la Hope limetoka Marangu."

Ni kweli. Mshili alikuwa ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, uwanjani kwake chini ya turubai iliyobaki kwenye msiba wa mtu. Baba mdogo wa Agnela, Frederick, mwenye duka la spea pale Sakina, aliitwa aje apokee mashtaka. Alikuja na kaunda suti na biskuti za watoto. Bariki alirudishwa kutoka Karatu, akakalishwa karibu na baba yake kama mfuko.

Wanawake hatukai kwenye kikao. Tunapita na vyakula. Kwa hiyo mimi nilichukua ndoo ya loshoro na upawa nikaanza kupita, polepole sana.

Philemoni alisimama. "Ndugu zangu, ukoo huu ni ukoo wa watu wazima kiafya. Tangu mababu. Leo amezaliwa mtoto, jicho limeoza. Daktari mwenyewe amesema ni mambo ya damu. Sasa damu hiyo si yetu. Sisi tukipoteza jicho, tunapoteza kiume."

"Kweli kabisa!" wakaitikia.

"Tunapendekeza hivi. Baada ya ubatizo, mama Hope arudi kwao, akae na watu wake, watafute chanzo, wasafishe. Na huyu mdogo haendi Moshi. Moshi ndiko walikomng'oa dada yake. Nikimpeleka na huyu, watamng'oa. Wao kazi yao ni kung'oa."

Frederick aliinua mkono kama yuko darasani. "Naomba kuuliza, Mshili. Mlikuja kwetu mkatuchunguza. Mkakaa siku nzima, mkala mbuzi. Mkasema safi. Sasa mnarudisha mali mliyoikagua wenyewe? Hata mimi dukani kwangu, spea ikishafungwa kwenye gari sirudishiwi."

Watu wakaguna. Mikaeli akadakia, "Mlituficha!"

"Tuliwaficha wapi? Ninyi ndio mlioniuliza mimi kwa nini nakoroma!"

Nikafika kwa Philemoni na upawa wangu. "Mshili, nikuongeze?"

"Dada, pita. Tuko kwenye mambo."

"Napita. Nilitaka tu kuuliza. Lile dume lako lilikuwa la rangi gani?"

Philemoni akanitazama kwa jicho moja. Lile jingine halina kazi hiyo. "Jekundu," akasema. "Kila mtu anajua."

"Jeusi," akasema Mikaeli kwa bidii ya kusaidia. "Jeusi lenye paji jeupe. Mimi nalikumbuka."

"Mikaeli, wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Nilisimuliwa nikalikumbuka!"

Mzee mwingine akasema lilikuwa la madoa na lilikuwa na pembe moja. Wa nne akasema lilichinjwa siku ile ile na nyama yake haikuiva. Walibishana hivyo kwa muda, watu wazima wenye vitambi, wakagawanyika kambi ya wekundu na kambi ya weusi, na mimi nikawagawia loshoro wote bila upendeleo.

"Haya," nikasema, "tuseme lilikuwa la rangi zote. Lilikuwa la nani?"

"La Baba, la nani tena?"

"Baba yupi? Yule mnayemsimulia kila msiba kwamba walowezi walimfilisi ng'ombe wote mwaka wa hamsini na moja, akashuka huku na mbuzi wawili na fimbo?"

"Ndiye huyo!" Mikaeli alikuwa anaipenda sana ile sehemu ya fimbo.

"Na ng'ombe mwingine akaingia lini katika boma hili?"

Nikamgeukia Mzee Anaeli, mkubwa kuliko sisi wote, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi anamenyana na kipande cha ndizi.

"Shikamoo baba Anaeli. Wewe ulikuwepo. Ng'ombe wa kwanza alitoka wapi?"

Alitafuna mpaka akamaliza. Yeye hana haraka na mtu. "Si ni wale wa mahari yako, Eunike? Nilikuja nao mimi mwenyewe kwa miguu kutoka kwa kina mume wako. Dume moja na mitamba. Lile dume lilikuwa pole kama kondoo."

"Na mahari yangu ililetwa mwaka gani?"

"Mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Nakumbuka kwa sababu tulikatazwa kuwa mabepari na nilikuwa naswaga ng'ombe."

"Ahsante baba. Philemoni, mwaka ule ulikuwa darasa la tatu. Ulikuwa unakaa dawati la mbele kwa ajili ya jicho. Sasa hilo dume lililokutoboa ukiwa unanyonya lilitoka wapi? Lilishuka kutoka Ngare Nanyuki kwa miguu, likakutafuta, likamaliza shughuli yake likarudi?"

Frederick alicheka. Hakupaswa, ni mgeni, lakini alicheka mpaka biskuti zikamwagika.

Philemoni akapiga meza. "Mama mwenyewe alisema ni dume!"

"Alisema lini? Alisema alipokuwa anakutafutia mke. Alikuwa amezika wawili, kabaki na wewe mwenye jicho lililotolewa na wamisionari. Angekwenda kwa watu akasema nini? Mtoto wangu jicho lilioza? Nani angekupa binti? Mama aliutunga ule uongo ili upate mke. Wewe unautumia ili mwanao ampoteze wa kwake."

Hapo ikasikika sauti ya birika ikitua juu ya meza kwa nguvu. Tekla, mke wa Mshili, alikuwa nyuma yangu muda wote na chai.

"Kumbe," akasema. "Mimi mpaka meno walinihesabu. Kumbe mimi nilichunguzwa, wewe hukuchunguzwa?"

"Mama Bariki, rudi jikoni."

"Narudi. Naenda kuwaza nikiwa jikoni."

Nikaona nisiache moto upoe. "Na Bariki naye aseme. Bariki, baba, waambie daktari alikuona na nini."

Bariki alikuwa anatazama viatu vyake. Viatu vizuri, vya kupandia mlima, alipewa na mtalii. Niliwahi kumsikia akiwaelezea wageni maisha ya simba kwa Kiingereza safi, jinsi dume linavyolinda familia. Kwa Kiswahili hakuwa na neno.

"Presha ya mzee," akanong'ona.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa.

Agnela alitoka amevaa vitenge viwili na kofia ya sufu ya kuzuia baridi, mtoto amefunikwa kifuani. Miguuni raba. Wazee waliinamisha vichwa kwa haraka, wengine wakajifunika na kofia zao, kwa kuwa kumwona mzazi kabla ya siku zake ni nuksi, na hakuna aliyetaka iwe ya kwake. Akapita katikati ya kikao kizima chenye visogo.

"Shikamooni wababa," akasema. Akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Hope, mimi naenda Moshi na mtoto. Nilikuwa nakungoja useme. Nimekungojea tangu Bomang'ombe. Ukisema au usiposema, nashuka barabarani napanda gari la kwanza. Nikirudi, nitajua kama nina mume au nina mtoto wa Mshili."

"Atakayemtoa mtoto huyo kabla ya ubatizo," akasema Philemoni, bado ameinama, akiiambia meza, "asinihesabu mimi kuwa baba."

Bariki aliinua uso. Akatazama kisogo cha baba yake, akatazama blanketi.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo hata Mikaeli akauliza, "Nani?" Akarudia, kwa nguvu. "Ni mimi! Agnela alipimwa akaonekana safi. Mimi ndiye mwenye kovu. Nilikuwa nalo siku zote. Nimeletwa nalo kutoka kwako, baba, na wewe kwa babu. Nimekaa kimya mkamsema mke wangu wiki nzima. Haya. Sasa nisemeni mimi."

Hawakumsema. Ukoo wetu ni hodari wa kusema watu wasiokuwepo. Bariki akachukua funguo, na Frederick akasimama akajikung'uta biskuti akasema yeye atakaa nyuma amshike Hope. Mimi niliacha ndoo pale pale mbele ya Mshili, na upawa ndani.

Dk. Rachel alimkuta mtoto na doa moja, jicho la kulia, dogo kama mbegu ya mtama, pembeni kabisa ambako mtu asiye na vifaa vyake asingeliona hata kwa mwaka. Jicho bado jeusi, zuri, linafuata mwanga. Doa alilichoma siku ile ile.

"Tungengoja ubatizo?" nikamuuliza.

"Ningekuwa naongea nanyi habari nyingine," akasema, akanawa mikono.

Tuliambiwa turudi baada ya mwezi, na kila mwezi, kwa muda mrefu. Na huku nyuma ukoo ulikuwa kazini. Kabla hatujarudi mara ya pili nilikuwa nimekwisha kusikia sokoni kwamba Mshili, kwa hekima yake, alivunja mwiko mwenyewe akaamuru mjukuu apelekwe hospitali haraka, na kwamba baadhi ya wanawake walitaka kumzuia. Mtu aliyenisimulia alikuwa ananunua ndizi zangu. Niliondoa moja kwenye fungu lake.

Safari ya pili, asubuhi, nilimkuta Philemoni ameshakaa kiti cha mbele cha gari, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Nawasindikiza tu," akasema bila kuulizwa. "Barabara ya Moshi siku hizi ina trafiki wengi."

Sikuuliza yeye atawafanya nini trafiki. Njia nzima alizungumzia bei ya kahawa. Agnela alimwamkia, akaitikia, basi. Walikuwa hawajasameheana na sioni kwa nini tuwaharakishe.

Mtoto alipimwa akatolewa amelegea na dawa ya usingizi. Hakuna doa jipya. Dk. Rachel akatupa habari hiyo, kisha akamwona mzee aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Ndiye babu?"

"Marahaba."

"Na hilo jicho lako, lilipatwa na nini?"

Philemoni akavuta pumzi. Ile pumzi ninaijua. Ndiyo inayotangulia pembe. Akaishika. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa Agnela, mdomo wazi, mate yanamtoka, mboni zimepanuliwa na dawa nyuma ya kope. Agnela hakumtazama baba mkwe wake. Alikuwa anafuta mate.

"Lilikuwa kama la hawa," akasema Philemoni. "Lilikuwa jeupe. Dada yangu huyu alikuwa ananibeba."

Nilikuwa na maneno niliyoyaivisha kwa ajili ya siku hiyo, mengi, mengine ya miaka hamsini, yenye chumvi na kila kitu. Nikayameza yote.

"Una watoto wangapi, baba?" daktari akauliza.

"Sita."

"Wenye watoto wadogo?"

Akaanza kuwataja. Diana, dada yake Bariki, wa Sakina, mtoto wake ndiyo kwanza anaanza kukaa. Emmanuel, mke wake mjamzito. Hans, mapacha. Na Mikaeli naye ana wajukuu. Kila alipotaja jina sauti yake ilikuwa inashuka, kama anateremka ngazi.

"Wote wapimwe. Hao wadogo mapema iwezekanavyo."

"Nitaitisha kikao," akasema Mshili.

"Hapana, baba," akasema Dk. Rachel. "Piga simu."

Tukatoka hadi kwenye benchi la korido. Philemoni alinipa simu nipige mimi, nikamrudishia. Akaitafuta namba, akaweka spika kwa kuwa masikio yake nayo yamekwisha kuchoka.

"Shikamoo baba!" Diana akaitika. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mabasi ya Nairobi na fundi anagonga bati.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mvua inanyesha?"

"Imenyesha jana."

"Vizuri. Vizuri sana. Huku Moshi ni jua. Na migomba yenu ile ya nyuma?"

"Baba, niko na wateja hapa. Umenipigia habari za migomba?"

Mshili wa ukoo wetu, mwenye maneno ya misiba, ya harusi na ya mipaka ya mashamba, akanigeukia. Nikatazama ukuta.

"Hapana," akasema. "Mtoto wako yuko wapi sasa hivi? Mchukue, kaa naye chini, nikueleze."